Somo la korona nililoliona Tunduma: watu wapewe taarifa mapema

Mdau ameuliza jamii yetu imejifunza nini kutokana na korona, na wengi wamemjibu kunawa mikono na kula vizuri. Siyapingi hayo. Ila mimi nilikuwa Tunduma, mpakani na Zambia, kipindi kile, na somo nililoondoka nalo ni hili: watu wakinyimwa taarifa, uvumi ndio unaowaongoza.

Nilikuwa na banda la chakula kando ya foleni ya malori. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, shule zikafungwa, nasi tukaweka ndoo za koki na sabuni kila mlango. Wiki zile za mwanzo takwimu zilikuwa zinatoka na watu walifuata. Dereva alinawa bila kusukumwa, utingo akija na barakoa kidevuni mwenzake anamwambia apandishe. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja, kwa hiyo Mei hiyohiyo Zambia ilipotangaza wagonjwa wengi Nakonde, upande wao, na kufunga mpaka kwa siku kadhaa, habari za kwetu tukawa tunazipata kwa jirani. Malori yakajaa barabarani, maneno nayo yakajaa: lori lile limebeba maiti, usile kwa mama yule. Jirani yangu alikimbiwa na wateja kwa sababu ya kukohoa, na alikuwa anakohoa moshi wa kuni. Madereva ndio walioumia zaidi, wengine walinyimwa hata maji ya kuoga.

Mwanzoni mwa 2021 misiba ikafuatana, hasa ya wazee, na tuliambiwa ni changamoto ya upumuaji. Mnajua msiba wa kwetu ulivyo, hasa kwa Wanyakyusa: watu wanalala pale siku kadhaa na chungu ni kimoja. Huwezi kumwambia mtu aache hayo bila kumpa sababu. Lakini kuna msiba Uyole, Mbeya, ambako mtoto mkubwa wa marehemu alisimama akasema baba ameondoka kwa korona, naomba tusaidiane wengine wasiugue. Hakuna aliyenuna. Akina mama walitoa viti nje wakavitenganisha, rambirambi zikatumwa kwa simu, makaburini wakaenda wachache. Wazee wenyewe ndio waliowarudisha nyumbani vijana waliotaka kukesha.

Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini hili tulipaswa kulijua kabla ya wote, kwa sababu ya Ukimwi. Utafiti wa 2022/23 umeonyesha maambukizi kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati taifa ni 4.4. Zamani mgonjwa alifichwa chumba cha nyuma, ndugu wakasema karogwa, na alikufa bila kupimwa. Tulianza kupona pale dawa za bure zilipokuja na wenye virusi wakasimama kanisani na mikutanoni kujitaja. Leo dada wa genge mtaani kwetu anaaga kabisa kwamba anakwenda CTC, kliniki ya wenye virusi, na jirani anamuuzia nyanya mpaka arudi.

Marburg, homa kali inayosababishwa na virusi, ilipoingia Kagera Machi 2023, ilitangazwa hadharani, waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, ikaisha na wagonjwa 9, vifo 6. Inawezekana, basi.

Ule mkopo wa korona wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) ulileta madarasa na mitambo ya oksijeni, na nashukuru. Lakini oksijeni inamsaidia aliyewahi hospitali, na anayewahi ni yule aliyeambiwa mapema kwamba kikohozi hiki si cha kawaida. Kwa hiyo ndugu zangu, mkutano wa mtaa ukiitishwa msiishie kuuliza habari za barabara na maji. Mwambieni mwenyekiti amlete mganga wa zahanati asome mbele yenu ni magonjwa gani yameongezeka mwezi huo. Kwetu tumeanza kuomba hivyo, na mganga anakuja.