Kabla hujasaini mkataba wa ushauri elekezi

Vijana wanaotaka kuingia kwenye ushauri elekezi, yaani kazi ya kuchunguza matatizo ya mashirika na kuyapendekezea suluhisho, huniuliza kwanza habari za malipo. Wana haki. Hii ni kazi ya safari nyingi, kukesha ukimalizia ripoti, na mteja anayegeuza mawazo siku moja kabla ya uwasilishaji. Hata hivyo, wenzangu kadhaa wameacha mikataba minono, na kilio chao kilikuwa kimoja: wamechoka kuandika mapendekezo yanayoishia kabatini.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200. Waliona kuwa mshahara mdogo, sera mbovu na usimamizi mbaya humkera mfanyakazi, lakini ukiviondoa hivyo, ari haiji yenyewe. Ari huletwa na kazi yenyewe, kufanikisha jambo na kutambuliwa. Wapo waliomkosoa, na bado kwa washauri naona alilenga penyewe.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ghala ambako takwimu za mzigo hazikulingana kamwe. Mtunza ghala, mama mtu mzima, alinivuta pembeni akafungua droo na kutoa daftari lililochakaa. Humo ndimo alimoandika hesabu za kweli, kwa sababu fomu za ofisi zilikuwa nyingi na zinauliza jambo lile lile mara tatu. Pendekezo langu kuu lilitoka kwenye daftari hilo: fomu zipunguzwe. Mteja alikubali. Nilipopita tena baadaye, mama yule alikuwa anajaza fomu moja, na hesabu zinalingana. Malipo ya kazi ile yalikuwa ya kawaida tu, lakini ndiyo iliyonibakiza kwenye fani hii.

Kwa hiyo ukiletewa hadidu za rejea, yaani maelezo ya mteja kuhusu kazi anayotaka ifanywe, zisome kwa jicho hilo. Kama zinataka ripoti ya awali, rasimu na ripoti ya mwisho tu, uliza nani atatekeleza na ametengewa bajeti gani. Omba muda wa kujaribu mapendekezo pamoja na wahusika, uingizwe kwenye siku za kazi zinazolipwa. Mteja anayekwepa swali hilo amekwisha kukujibu.

Kuhusu kujiajiri au kuajiriwa, sina jibu la wote. Kampuni kubwa hukukutanisha na matatizo ya kila aina kwa muda mfupi, ingawa katika baadhi ya kampuni hizo asiyepanda cheo huonyeshwa mlango. Ukijitegemea unachagua kazi, lakini muda mwingi unaliwa na zabuni na kufuatilia malipo yaliyochelewa.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema. Kadiri unavyopanda cheo kwenye kampuni za ushauri, ndivyo unavyofanya ushauri kidogo zaidi. Mbia, yaani mmoja wa wamiliki wa kampuni, hupimwa sana kwa wateja anaowaleta. Wapo wanaolipenda hilo kwa dhati, na wanalifanya vizuri. Lakini kama kinachokuamsha asubuhi ni kukaa na takwimu na watu wa ghalani, liseme hilo kabla hujakubali cheo. Baadhi ya kampuni zina ngazi ya wataalamu wasiobebeshwa jukumu la kutafuta wateja, na mara nyingi hutaisikia mpaka uiulizie mwenyewe.