Jina langu halikusomwa: je, nimepoteza thawabu yangu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Kanisani kwetu kulikuwa na harambee ya paa, nami nikatoa akiba yangu yote ya kuuza mboga. Mzee wa kanisa aliposoma majina ya waliotoa, langu likarukwa. Niliumia sana. Tangu hapo hata zamu yangu ya Jumamosi ya kupiga deki kanisa naiona mzigo. Je, nimepoteza thawabu? Na kusoma majina hadharani si kinyume cha Mathayo 6?

JIBU: Amina, mama yangu. Pole kwa maumivu hayo. Kuumia peke yake hakufuti sadaka uliyokwisha kuitoa kwa moyo. Waebrania 6:10 inasema Mungu si dhalimu hata aisahau kazi yenu. Mzee amelisahau jina lako, Mungu hajalisahau.

Bwana Yesu hakukataza wema kuonekana. Katika Mathayo 5:16 anataka watu wayaone matendo yetu mema, wamtukuze Baba. Anachokikemea katika 6:1 ni kufanya wema "kusudi mtazamwe". Katika Matendo 4, Barnaba aliuza shamba, akaweka fedha miguuni pa mitume, na Luka, mwandishi wa kitabu hicho, akamtaja kwa jina, hakuna anayemlaumu. Wanaomfuata katika habari hiyo ni Anania na mkewe Safira, waliouza mali yao wakaficha sehemu ya fedha, ambao, kwa ninavyoisoma mimi, walitamani heshima ya Barnaba bila kutoa kama Barnaba. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake na fedha zilikuwa chini ya mamlaka yake. Hakuna aliyewalazimisha. Kiu ya kusifiwa iliwafikisha kwenye uongo.

Kwa hiyo jihoji hivi: kama ungejua tangu mwanzo kwamba jina halitasomwa, ungetoa? Kama jibu ni ndiyo, tulia, thawabu yako iko salama. Kama moyo unasita, mwambie Mungu ukweli huo huo, bila kuupamba. Anatusafisha nia tukiwa bado kazini, kwa hiyo usisubiri usafike ndipo ushike tambara. Jumamosi nenda.

Lakini kuna jambo jingine ambalo watu hulichanganya na hili. Kama huna uhakika kwamba fedha zako ziliandikwa, mwone mhazini, mwombe aangalie daftari na akupe risiti. Huko si kutafuta sifa. Paulo mwenyewe, aliposimamia mchango wa watakatifu, alijihadhari mtu asije akaulaumu utumishi ule (2 Wakorintho 8:20-21). Fedha ya Bwana ihesabiwe mchana kweupe.

Kuhusu kusoma majina, Maandiko hayakatazi. Ila kusoma kuanzia aliyetoa nyingi hadi aliyetoa kidogo, huku wa juu wakipigiwa makofi na wa chini wakitajwa harakaharaka, naona ni kuwaaibisha maskini ndani ya nyumba ya Mungu. Katika Marko 12 Yesu alikaa kuelekea sanduku la hazina, akamwona mjane akitia senti zake mbili, kisha akawaita wanafunzi wake akawaambia wao. Hatusomi kwamba mjane alisikia, wala jina lake hatulijui hadi leo. Wazee wa kanisa wanaweza kutangaza jumla iliyopatikana, wakashukuru wote kwa pamoja, na orodha ikabaki kwa mhazini kwa anayetaka kuhakiki. Mweleze mzee wako hivyo kwa upole, mkiwa wawili.