Pete ya uchumba na pete ya ndoa zichaguliwe siku moja

Wachumba wengi nawaona wakianza na jiwe. Wanauliza karati, yaani uzito wa jiwe, wanauliza bei, wanalinganisha picha kwenye simu. Pete ya ndoa inaachwa hadi wiki chache kabla ya harusi, wakati kamati inahangaikia ukumbi na chakula. Matokeo yake ni pete mbili nzuri zisizokaa pamoja: moja inainama, nyingine inaisukuma, na katikati kuna mwanya unaokusanya sabuni na unga. Ndiyo maana nikiulizwa nasema, ziamueni zote mbili siku moja, hata kama ya pili mtailipia baadaye. Na kabla ya kuuliza almasi ni kubwa kiasi gani, ulizeni itashikwaje.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na kazi hiyo ndiyo iliyotuongoza mimi na mume wangu. Tunanawa mikono kila mara, glovu tunavaa na kuvua kutwa nzima. Taratibu za kuzuia maambukizi mahali pengi huruhusu pete moja tu, iliyo laini, isiyo na jiwe. Kwa hiyo pete ya almasi inabaki nyumbani na ya ndoa inaingia kazini peke yake. Hapo karibu kila kitu kikawa kimeshaamuliwa: jiwe likae chini, na pete ya ndoa ipendeze hata bila mwenzake. Wewe labda ni mwalimu, au unashona, au unapika kwa biashara. Angalia mikono yako inafanya nini tangu asubuhi hadi jioni, ndipo uinamie kabati la sonara.

Kishikio kinachojulikana zaidi ni cha vikucha, yaani vijiti vidogo vya dhahabu vinavyopanda kutoka kwenye mwili wa pete na kukunjwa juu ya ukingo wa jiwe. Mwaka 1886 kampuni ya Tiffany ya New York ilitoa mtindo wa vikucha sita vilivyoliinua jiwe juu ya pete ili mwanga ulifikie kutoka pembeni, na pete nyingi zilizo madukani leo ni uzao wa mtindo huo. Vikucha vinne huonyesha jiwe zaidi. Sita hulifunika kidogo zaidi, lakini kimoja kikikatika vitano vinabaki vimeshika, ilhali kwa vinne jiwe linaweza kudondoka siku hiyohiyo. Kwa jiwe la duara ningechukua sita. Jiwe la mraba lenye kona kali, au lenye ncha kama tone, hudai vikucha vinavyokumbatia kila kona. Almasi haikwaruzwi kirahisi, lakini ikigongwa vibaya kwenye kona au kwenye ukingo mwembamba, inamegeka.

Sisi tulichagua utepe wa dhahabu unaolizunguka jiwe lote. Hakuna kinachonasa uzi wa kanga, nywele za mtoto wala mfuko wa sweta. Utaambiwa utepe unaua mng'ao. Kwa jiwe lililokatwa vizuri sikubaliani, kwa sababu jiwe hilo hupokea mwanga kwa juu na kuurudisha kwa juu. Ukitaka jibu la uhakika, mwombe fundi akuonyeshe aina zote mbili, kisha usogee nazo mlangoni penye mwanga wa jua. Taa za dukani hufanya kila jiwe lionekane la kifalme.

Kuna pia pete zenye vijiwe vidogo vilivyopandwa mwilini mwote, au duara la vijiwe kuzunguka jiwe kuu. Ni nzuri machoni, sikatai, na duara hilo hufanya jiwe dogo lionekane kubwa. Lakini kila kijiwe kinashikwa na punje ndogo sana ya dhahabu, na punje hizo zinalika. Anayekanda chapati kila siku hataziweza kwa muda mrefu.

Sasa nije kwenye ujirani wa pete hizi mbili, maana ndipo penye kazi hasa. Itazame pete ya uchumba kwa ubavu. Kama kishikio kimelala chini na ni kipana kuliko mwili wa pete, pete ya ndoa iliyonyooka haitaweza kuigusa, itazuiwa na jiwe. Kama kishikio kimeinuka kidogo na chini yake ni chembamba, pete ya pili itapita chini ya jiwe na kulala sambamba. Wapo wanaoupenda mwanya, na si kosa, mradi wauchague wenyewe. Dawa ya pili ni pete ya ndoa iliyopindwa ifuate umbo la jiwe. Zikiwa pamoja hupendeza kweli, lakini ya ndoa ikivaliwa peke yake ina pindo ambalo halielezeki, na kwa mtu wa kazi kama yangu, anayevaa ya ndoa tupu saa nyingi kwa siku, hilo lilikuwa halifai.

Tulimwambia fundi, "Tunataka jiwe likae chini, na pete ya ndoa inyooke." Akacheka kidogo, akasema, "Dada, hayo mawili yanagombana." Kisha akachukua pete ya mfano ya nta, akatuonyesha: kishikio kinyanyuliwe kiasi tu cha pete ya pili kupita, na unene wa pete hiyo upangwe hapohapo. Ingekuwa tayari imekamilika, kazi hiyo ingekuwa ya kuibomoa. Kama unanunua pete iliyokwisha tengenezwa, omba pete yoyote nyembamba isiyo na jiwe, ivae kando yake, kunja ngumi, shika kalamu, na utaona zinavyokaa.

Jambo lingine la ujirani: almasi hukwaruzwa na almasi mwenzake, na hukwaruza kila kingine. Pete ya ndoa iliyojaa vijiwe ukingoni itasugua mwili wa pete ya uchumba kila siku hadi iuharibu. Ukitaka vijiwe kwenye zote mbili, vile vya pete ya ndoa vizamishwe kwenye mfereji wenye kuta za dhahabu pande zote. Na pete yenye vijiwe mzunguko mzima haiongezwi ukubwa wala haipunguzwi. Mimi namshauri kila mtu pete ya ndoa isiyo na jiwe, yenye unene wa kutosha, karibu milimita 2, na iliyoviringwa kwa ndani ili isiumize.

Kuhusu dhahabu, kwetu tumezoea ya Dubai, karati 21 au 22, yenye rangi iliyokolea. Hapa karati ni usafi wa dhahabu, si uzito kama kwenye jiwe. Kwa bangili na mkufu ni sawa. Kwa kushika jiwe ni laini mno, vikucha vinafunguka. Karati 18 ina dhahabu asilimia 75, na muhuri wake ndani ya pete ni 750. Karati 14 ni 585, nayo ni ngumu zaidi. Pete mbili zinazosuguana ziwe za dhahabu ya aina moja, la sivyo iliyo laini ndiyo italika. Dhahabu nyeupe kwa kawaida hupakwa rodiamu, metali nyeupe, ili ing'ae, na rangi hiyo huisha, inabidi ipakwe tena baada ya mwaka au miaka miwili. Sisi tulichukua ya njano, na hapo tukapata nafuu ambayo wengi hawaijui. Rangi ya almasi hupimwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi kabisa hadi Z. Ndani ya dhahabu ya njano, jiwe la I au J linaonekana jeupe, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia D. Kwenye dhahabu nyeupe ningepanda hadi G au H.

Kama kuna mahali pa kutobana pesa, ni kwenye ukataji. Nimekulia Shinyanga, ambako almasi ni habari za mgodi wa Mwadui, tangu Mkanada John Williamson alipozigundua mwaka 1940. Huko ndiko ilikotoka almasi ya waridi aliyozawadiwa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, alipoolewa mwaka 1947. Ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi. Ilipokatwa zikabaki 23.6. Zaidi ya nusu ilienda na vumbi. Mkataji akiona uchungu wa kupoteza uzito, huliacha jiwe nene kwa chini, na wewe unalipia karati zilizojificha ndani ya kishikio. Kwa hiyo uliza kipenyo, usiulize uzito peke yake. Jiwe la duara la karati 1, ambayo ni gramu 0.2, linatakiwa liwe na upana wa karibu milimita 6.5. La karati 0.9 lina takriban 6.2, na bei yake hushuka vizuri kwa sababu halijafika ile moja ambayo kila mtu anaitaka.

Almasi zilizotengenezwa maabara ni almasi kweli, na bei yake iko chini sana. Sina neno na anayezichukua, ila cheti kiseme hivyo wazi. Angalia pia moissanite, jiwe jingine linalofanana na almasi: kile kipimo cha joto ambacho wauzaji wengi hutumia huweza kuipitisha kama almasi. Jiwe la bei lije na cheti cha maabara inayojulikana, kwa mfano GIA ya Marekani inayopima vito, na ukimwachia fundi alifunge, lipimwe uzito mbele yako, karati za dhahabu na namba ya cheti ziandikwe kwenye risiti. Ile kanuni ya kununua pete kwa mshahara wa miezi miwili ilienezwa na matangazo ya kampuni ya almasi ya De Beers. Isiwape deni la kuanzia ndoa.

Kidole pimeni jioni, siku ya joto la kawaida, na mpime mkiwa mmevaa pete mbili pamoja, kwa kuwa upana ukiongezeka pete hubana. Wajawazito ninaowahudumia huvimba vidole hasa miezi ya mwisho. Dada, ivue mapema, kabla haijahitaji kukatwa.

Pete ya mwanamume haina haja ya kufanana na zako kwa kila kitu. Waislamu wengi huchukua ya fedha, kwa kuwa dhahabu si ya wanaume, na mume wangu, ambaye ni fundi umeme, huivua yake kabla hajagusa waya. Hilo tulikubaliana kabla ya harusi na sijawahi kulihesabu kama dharau.

Almasi hupenda mafuta kiasi kwamba migodini zimekuwa zikinaswa kwa meza zilizopakwa grisi. Losheni na mafuta ya kupikia hufanya vivyo hivyo kidoleni, na jiwe linafifia. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya vyombo na mswaki laini vinatosha, ukisugua hasa upande wa nyuma wa jiwe. Dawa za klorini za kufulia nguo nyeupe ziwe mbali nayo. Kila baada ya miezi sita ipeleke kwa sonara aangalie vikucha kwa lenzi, na katikati ya hapo itikise karibu na sikio: ukisikia jiwe linagonga, vua, funga kwenye kitambaa, usiivae tena mpaka ikazwe.