"Na" au "au": soma hukumu kabla ya kuhesabu siku

Nilisimama langoni mwa gereza na mfuko wenye shati lililopigwa pasi na viatu vya mdogo wangu. Alifungwa miezi 18. Hapa Kenya mfungwa mwenye kazi na nidhamu hupunguziwa theluthi ya kifungo, isipokuwa kama wale wa maisha au wa wizi wa mabavu. Nyumbani tukapiga hesabu: 18 toa 6, leo anatoka. Askari akafungua daftari, akaniuliza, "Na ile faini mlilipa?"

Hakimu alikuwa amesema miezi 18 na faini ya shilingi 60,000, asipolipa miezi 12 mingine. Siku ile mama alikuwa analia, sisi tukasikia 18 tu. Kifungo cha faini hakitumikiwi sambamba na kile cha kwanza, hufuata nyuma yake. Jumla ni miezi 30, na theluthi hutolewa hapo. Nilirudi na shati lake mfukoni.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliye na mtu ndani, omba nakala ya hukumu uisome mwenyewe. Ikiandikwa "au", faini ikilipwa mtu anatoka. Ikiandikwa "na", deni linamngoja mwisho wa kifungo.

Usikae ukisubiri hela zitimie. Hilo ndilo kosa letu kubwa, maana hatukujua kwamba sheria inakubali malipo ya sehemu na siku hupungua kwa kiwango hichohicho. Tuliuza mbuzi, chama cha mama kikaongeza, tukafikisha 30,000. Ile miezi 12 ikawa sita, na baada ya theluthi yake ikabaki minne. Kama tungelipa zote mapema, angekuwa nyumbani siku ile niliyosimama langoni.

Mtu mmoja nje ya mahakama alichukua shilingi 5,000 zangu akidai "ataongea na watu wa ndani". Sikumwona tena. Lipa kwa njia rasmi ya mahakama tu, dai risiti, piga nakala, kisha ipeleke gerezani mwenyewe na uhakikishe tarehe mpya imeandikwa kwenye faili. Mimi nilisubiri hadi karani akaigeuza karatasi nikaiona.

Na kama kesi haijaisha, mwombeni hakimu muda wa kulipa, au kifungo cha nje cha huduma kwa jamii ikiwa adhabu haizidi miaka mitatu. Ombeni siku hiyohiyo ya hukumu, kabla gari la magereza halijaondoka.