Yamaha TY175 inapandisha resi yenyewe: pima hewa kabla ya kuchonga silinda

Mkuu, maelezo yako nimeyaelewa hivi: TY175 ya 1975, umeinunua huko Uingereza ikiwa nusu imefunguliwa. Ikiwa baridi inawaka vizuri, ikishapata moto resi inapanda yenyewe na haitaki kurudi sailensa (mzunguko wa chini wa injini bila kuvuta mafuta). Fundi kakwambia silinda imeisha, ichongwe (tundu lake lipanuliwe), ifungwe pistoni ya saizi inayofuata. Wewe unauliza uanze na injini au uanze na fremu na rangi.

Usichonge chochote kwanza. Silinda iliyoisha haipandishi resi. Ikiisha, pistoni inagonga, kiki inakuwa nyepesi na nguvu inapungua. Resi inayopanda yenyewe injini ikiwa moto maana yake karibu kila mara ni hewa inayoingia pasipotakiwa: petroli inakuwa chache kuliko hewa, joto linapanda, na ukiendelea kuiendesha hivyo pistoni itakwama. Hapo ndipo hiyo silinda itahitaji kuchongwa kweli. Rangi iache iwe ya mwisho kabisa.

Kwa wadau wengine wasioijua: hii si pikipiki ya mbio. Ni ya mchezo wa trayali, ambapo dereva anapita juu ya mawe, mizizi na ndani ya vijito kwa mwendo wa kutembea, na kila anapoweka mguu chini anahesabiwa alama ya kosa. Mick Andrews, Mwingereza aliyeshinda Scottish Six Days Trial mara tano, mbili za mwisho 1974 na 1975 akiwa juu ya Yamaha, ndiye aliyesaidia kuzikuza hizi TY. Injini zake zina flaiwili nzito (gurudumu la kwenye ncha ya kranki) na zinafanya kazi karibu na sailensa muda wote. Ndiyo maana kasoro ndogo ambayo kwenye DT175 ya barabarani usingeiona mwaka mzima, kwenye TY inakusumbua kuanzia jiwe la kwanza.

Kipimo cha hewa ni rahisi na hakihitaji gereji. Tafuta kifaa cha zamani cha kupimia presha ya damu, kile cha kubana kwa mkono chenye saa ya mshale. Saa yake inasoma hadi 300 (milimita za zebaki), ambayo ni karibu bar 0.4 (psi 6), na hiyo ndiyo presha tunayoitaka. Toa ekzosi, ziba tundu lake kwa kipande cha mpira wa tyubu na kibao cha chuma kilichofungwa kwa bolti zilezile. Toa kabureta, lakini mpira wake uache kwenye silinda. Ndani yake kaza kwa klempu kizibo cha mbao au plastiki ulichokitoboa na kupitisha mpira wa pampu. Plagi ibaki mahali pake. Kama bado ina pampu ya oili ya Autolube (inayopeleka oili kwenye injini yenyewe), mpira wake wa kupeleka oili nao uzibwe. Zungusha injini hadi pistoni iwe chini kabisa, milango ya silinda (matundu ya kupitishia hewa na moshi) iwe wazi, kisha jaza hadi 300.

Injini nzima ya stroki mbili inatakiwa ishike presha hiyo kwa dakika 6 hivi bila mshale kushuka sana. Ikishuka zaidi ya psi 1 kwa dakika, kuna mahali pa kutafuta. Usipite bar 0.7, utazitoa sili za kranki (pete za mpira zinazozuia hewa kwenye ncha zake) mahali pake bure.

Sasa chukua brashi na maji ya sabuni. Anza na vizibo vyako mwenyewe, maana mara nyingi ndivyo vinavyovuja, halafu mpira wa kabureta. Ukunje kwa kidole ukiwa chini ya presha. Nyufa za umri ule hazionekani mpaka mpira uvutwe. Endelea na gasketi ya vibao vya ridi (valvu za kuingizia hewa na petroli), gasketi ya chini ya silinda, kichwa, na mshono wa kesi. Mwisho toa flaiwili upake povu kuzunguka sili ya kushoto. Kama inavuja utaona vipovu vidogo vinafuatana kwenye mdomo wa sili, vikipungua ukigeuza kranki kidogo na kurudi tena. Hapo umempata mwizi wako.

Sili ya kulia iko nyuma ya klachi, huioni. Fungua tundu la kujazia oili ya gia, ziba tundu la pumzi la giaboksi, paka utando wa sabuni juu ya lile tundu la oili. Utando ukivimba, sili ya kulia imekwisha. Dalili zake barabarani ni tofauti na zako: moshi mweupe mzito usioisha, plagi imelowa oili, na oili ya gia inapungua bila kudondoka chini. Kwa kuwa wewe hukutaja moshi, mimi naweka dau langu upande wa kushoto au kwenye mpira wa kabureta. Kuna sili inayoshika presha lakini ikavuja inapovutwa, kwa hiyo kama kila kitu kimeshika na tatizo bado lipo, rudia kwa pampu ya kuvuta, ile ya kutolea hewa kwenye breki.

Flaiwili itolewe kwa pula yake tu. Pima nyuzi (mikato ya skrubu) kabla ya kununua, na angalia kama ni nyuzi za kushoto. Ukiigonga kwa nyundo unapinda kranki au unavunja sumaku, na hapo gharama inaruka. Kabla ya kung'oa sili tazama imekaaje: kama ina ukingo uliozama kwenye mfereji wa kesi, haitoki bila kupasua kesi, usiichokonoe. Kama inatoka kwa nje, toboa tundu dogo kwenye bati la sili, ingiza skrubu, uivute kwa plaizi. Usiruhusu ncha ya drili iguse shafti wala beringi.

Kisha pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukihisi mfereji, sili mpya kwenye mstari uleule itavuja ndani ya muda mfupi. Isukume nusu milimita ndani au nje ya pale ya zamani ili mdomo ukae kwenye chuma kizima, mradi usizibe tundu la kulainishia beringi. Paka grisi mdomoni, funga plastiki nyembamba kwenye shafti ili mfereji wa kii usiukate, na sukuma kwa soketi yenye kipenyo karibu na cha sili. Ikienda upande, itoe uanze upya na nyingine.

Ukiwa hapo shika shafti uitingishe juu na chini. Sili mpya haidumu kwenye kranki inayocheza, na kranki inayocheza inabadilisha nafasi ya kontakti za moto, zile zinazoamua plagi iwashe lini, kila mzunguko. Kama ina plei ya kuhisika, injini ishuke, kesi zipasuliwe. Beringi za kranki nunua zenye alama C3 (zina nafasi kubwa kidogo ndani). Za kawaida zinabana injini ikipata moto. Kesi iweke kwenye oveni hadi nyuzi 100 hivi, tone la maji likidondoshwa linachemka papo hapo. Beringi zilale friza usiku kucha. Zitadondoka mahali pake kwa uzito wake. Ikigoma, rudisha kesi kwenye moto, usichukue nyundo. Konrodi ikivutwa juu na chini isiwe na plei hata kidogo. Kwa pembeni, kichwa chake cha juu kikicheza milimita 0.8 hadi 1.0 ni kawaida, kikifika 2.0 beringi ya chini imekwisha. Kazi ya kubadilisha ile ya chini inataka presi na mtu wa kuinyoosha kranki kwa saa ya kupimia. Mpelekee mkereza, hii si kazi ya mezani.

Silinda sasa. Ipime, usiikisie. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 66, mwendo wa pistoni 50, sawa na DT175, na hilo linawadanganya wengi kununua pistoni ya DT bila kulinganisha. Namba ya kipuri, urefu kutoka katikati ya pini hadi kichwani, na mikato ya sketi lazima viwe sawa, la sivyo milango itafunguka wakati usio wake. Pistoni ipimwe kwa mikromita karibu milimita 10 juu ya ukingo wa chini, pembe mraba na pini. Silinda ipimwe juu, katikati na chini, pande mbili. Kwa pistoni ya kumiminwa kwenye kalibu ya saizi hii nafasi ya milimita 0.04 hadi 0.05 inatosha, ila namba ya kitabu cha injini yako ndiyo ya kufuata. Kama ni kuchonga, saizi zinapanda kwa 0.25, na mkereza apewe pistoni mkononi kabla hajaanza, asichonge kwa kukariri.

Jambo ambalo wakereza wa magari husahau ni kingo za milango. Baada ya kuchonga zinabaki kali kama wembe, na ringi inazikamata. Zilainishe kwa msasa mzuri au jiwe dogo mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha osha kwa maji moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, na upake oili mara moja kabla ya kutu. Ringi iingize yenyewe ndani ya silinda upime mwanya wake kwa fila geji, karibu 0.3. Mshale wa pistoni uelekee ekzosi, ncha za ringi zikae kwenye kipini chake, klipu za pini ziwe mpya.

Kwenye kabureta, Mikuni zile ni imara lakini kijeti cha sailensa kinaziba kwa petroli iliyokauka. Kisafishe kwa uzi wa nailoni na dawa, waya wa chuma unakipanua. Kisha toa jeti ya sindano uiangalie mbele ya mwanga: tundu likiwa la yai badala ya duara, pikipiki itakuwa na mafuta mengi resi ikiwa chini hata ufanye nini na skrubu. Badilisha jeti na sindano pamoja. Skrubu ya hewa ianzie mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipofungwa, urekebishe injini ikiwa moto. Ukifungua unaongeza hewa. Na sponji ya filta ya zamani itupe hata kama inaonekana nzima. Ikizeeka inamomonyoka na kuvutwa ndani.

Moto wa plagi: kontakti ziwe safi, mwanya milimita 0.35, kondensa mpya bila kubishana, maana ikiwa mbovu injini inazima ikipata moto na haiwaki mpaka ipoe, na watu wanaanza kulaumu kabureta. Nafasi ya moto iweke kwa saa ya kupimia kwenye tundu la plagi na taa ndogo inayoonyesha kontakti zinapoanza kuachana, kwa namba ya kitabu. Alama za flaiwili za umri huu siziamini sana.

Kama mwenye zamani aliondoa pampu ya oili, hakikisha tundu la oili kwenye silinda limezibwa. Limeachwa wazi kwenye pikipiki nyingi, nalo linavuta hewa vilevile. Changanya mwenyewe 50 kwa 1 kwa oili nzuri ya kisasa: lita 5 za petroli, mililita 100 za oili. Kwenye TY sioni sababu ya kwenda 20 kwa 1 kama vitabu vya zamani. Unajaza lami kwenye ekzosi tu. Ekzosi iliyoziba tayari isafishwe kwa magadi makali ya kuzibulia mabomba ikiwa ni ya chuma tupu. Kipande chochote cha alumini kisiguse dawa hiyo, kitaliwa.

Fremu nitapita haraka. Tafuta nyufa karibu na vikanyagio, badilisha bushi za mkono wa nyuma, gololi za shingo ya usukani na sili za shokapu za mbele. Vumbi la breki usilipulize kwa hewa, viatu vya miaka ile vinaweza kuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa. Matairi ni 2.75-21 mbele na 4.00-18 nyuma. Kwenye mawe nyuma huwekwa karibu psi 4 hadi 5, mbele 5 hadi 6, na kwa upepo mdogo hivyo tairi linateleza juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu, kwa hiyo bolti ya kubana tairi nyuma ni lazima. Ukirudi lami ongeza upepo.

Na kwa mdau mwingine aliyeuliza kuhusu tangi la Bultaco yake (pikipiki ya Kihispania): kama ni la faiba, petroli ya E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10), ambayo ndiyo ya kawaida Uingereza tangu Septemba 2021, inalainisha utomvu wake na kuupeleka kwenye kabureta. Tangi hilo liachwe la mapambo au lipakwe dawa ya ndani inayohimili ethanoli, na lisilale na mafuta.

Mkuu, ukimaliza kipimo tupostie hapa: presha imeshuka kiasi gani kwa dakika 6, povu limetokea wapi, na vipenyo vya silinda juu, katikati na chini. Picha ya plagi pia, ukiwa umeizima injini ikiwa moto.