Kuhusu kitabu chako cha katuni kisichomalizwa na wasomaji

Ndugu, nimekuelewa: michoro inasifiwa, ila uliowapa kitabu hawafiki mwisho, na wiki ikipita hawakumbuki hata jina la shujaa wako. Yalinikuta hayohayo.

Anza na umbo. Mpake mhusika wino mweusi mwili mzima, abaki kama kivuli ukutani. Bado anatambulika? Umepata mtu. Tintin, shujaa wa katuni wa mchoraji Hergé, aliyeanza kutoka gazetini Ubelgiji mwaka 1929, kile kishungi cha nywele tu kinatosha.

Halafu punguza maneno. Mimi niliwahi kuandika "Juma anakimbia kwa hofu" juu ya picha ya Juma akikimbia kwa hofu! Nikafuta, nikachora kandambili moja imenasa kwenye tope nyuma yake. Walionisomea walicheka palepale. Kiputo, yaani kile kiduara cha maneno ya mhusika, kikizidi maneno 25 hivi, kigawe.

Ila ninachokisisitiza zaidi ni kona ya chini ya ukurasa wa kulia. Hapo ndipo msomaji anapoamua kufunua au kwenda zake. Weka mlango unaogongwa. Anayegonga aonekane ukifunua. Hergé alikuwa akitoa hadithi kidogo kidogo kila wiki, kwa hiyo ilibidi amwache msomaji na hamu.

Kabla ya kuchapa nakala nyingi, toa moja kwanza. Herufi zinazosomeka vizuri kwenye kompyuta huweza kuwa sisimizi karatasini. Na mchapishaji akikuletea mkataba unaotaja "haki zote", usitie saini kabla mwanasheria hajausoma. Unaweza kumpoteza mhusika wako moja kwa moja.