Kwa nini watu wanakosa chakula Uingereza

Umeuliza inakuwaje mtu akae Uingereza, nchi tajiri vile, halafu ategemee msaada wa chakula. Ndugu, chakula kipo, maduka yamejaa, kinachokosekana ni hela ikishalipwa kodi ya nyumba na umeme. Ukipoteza kazi leo ukaomba ile ruzuku ya serikali iitwayo Universal Credit, malipo ya kwanza unasubiri kama wiki 5, advansi ipo ila ni mkopo na wanakukata kila mwezi, sasa hapo katikati watoto wanakula nini?

Trussell, wenye mtandao mkubwa zaidi wa benki za chakula kule, yaani vituo vya hisani vinavyogawa chakula bure, mwaka 2010/11 walitoa vifurushi vya chakula kama 61,000 hivi, 2023/24 walitoa zaidi ya milioni 3. Na wengine wana ajira kabisa! Mara nyingi unahitaji vocha toka kwa daktari, shule au ustawi wa jamii, unapewa tambi, maharage ya kopo, supu, maziwa ya boksi. Wapo wanaoomba vitu visivyohitaji kupikwa maana mita ya umeme, ile ya kulipia kwanza kama LUKU yetu, imekata. Hii inaniuma sana kwa kweli.

Halafu wenzetu wenye viza zinazowanyima ruzuku za serikali wanaogopa hata kwenda. Jamani nendeni, benki ya chakula ni msaada wa hisani, haihesabiwi kama ruzuku ya serikali na haivunji masharti ya viza yako.